Kisima Nilichomwahidi Mwanasha

Jumatatu, 8 Februari 1943
Kisima kipya bado kikavu. Watoto wa chuo changu cha Kurani wametayamamu tena, wakipiga viganja mchangani kwa kukosa maji ya kutawadha. Mwezi mzima sasa. Kisima cha zamani kimeingia chumvi. Maji ya kunywa mke wangu Mwanasha anayafuata mbali, mtungi kichwani, na goti lake lile bovu. Nilimwahidi kisima mlangoni kabla mwezi huu haujaisha. Leo nimesomesha habari ya kushika kamba ya Mwenyezi Mungu. Nimeisomesha vizuri. Moyoni haikuingia.

Jumatano, 10 Februari
Kazungu, fundi wa visima kutoka Rabai, amefika pima sita. Jiwe. Anagonga tangu asubuhi, zinatoka chembe tu. Nimemwambia anazembea. Akaendelea kugonga. Yeye Mkristo, huomba kidogo kabla ya kushuka. Mimi niko juu, tasbihi mkononi, natoa amri.

Jirani yangu Mzee Athmani amekuja kuchungulia, kama kila siku. "Mungu yupo, Mwalimu," akasema, akaenda zake kunywa kahawa. Najua yupo. Ndiyo kazi yangu kufundisha hayo. Nimeudhika hata chakula hakikushuka.

Ijumaa, 12 Februari
Mwanasha ameanguka njiani. Mtungi umevunjika, goti limevimba. Hakulilia goti, amelilia maji. Nimemkasirikia yeye, na njia, na Kazungu. Na Mungu pia. Naandika hapa kwa sababu msikitini siwezi kusema. Siombi makubwa. Naomba maji.

Jumamosi, 13 Februari
Jiwe limemponda Kazungu kidole. Nimemfunga kitambaa. Nilidhani atakwenda kwao asirudi. Akaniambia, "Mwalimu, mkono mmoja unatosha kushika kamba. Shuka wewe." Nikamjibu kesho. Uwongo mtupu. Naliogopa shimo lile. Miaka ishirini nafundisha watu kutawakali kwa Mungu, na sijashuka hata pima moja.

Jumapili, 14 Februari
Kazungu amekwenda kanisani. Nimefurahi kupata kisingizio. Aibu. Mwanasha amejikokota hadi jikoni, anashika ukuta. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu, 15 Februari
Nimeshuka.

Kamba tuliizungusha kwenye shina la mnazi, Kazungu akaishika mwisho. Athmani akatokea na maneno yake yale yale. Nikapandwa na hasira. "Yupo, Mzee Athmani, na wewe upo. Shika kamba!" Akaweka bakora chini, akashika. Njia nzima aya nazisoma nikizichanganya. Nimegonga hadi viganja vikatoka malengelenge. Zimetoka chembe. Chembe zile zile za Kazungu.

Nilipopanda nimemwomba radhi. Amesema hana neno.

Jumanne, 16 Februari
Chembe. Mgongo hauinuki. Athmani amekuja mwenyewe bila kuitwa, akaishika kamba moja kwa moja. Nina hasira bado. Nashuka nayo, napanda nayo.

Jumatano, 17 Februari
Jiwe limepasuka adhuhuri. Chini yake mchanga. Nikachoka roho: siku zote hizi kwa ajili ya mchanga. Alasiri ikaingia. Sikuwa na nguvu za kupanda, nikaona nitayamamu nisali humo humo shimoni. Nikapiga viganja chini. Nikavipukuta.

Vumbi halikupukutika. Limeganda. Nikapiga tena, kwa nguvu. Viganja vimelowa.

Nimekaa palepale nikivitazama, silii wala sicheki. Juu waliniita mara tatu, wakidhani nimezirai.

Alhamisi, 18 Februari
Maji yamefika kifundoni. Matope kwanza, tukayaacha yatue. Kazungu ameteka ndoo ya mwanzo. Tumeizunguka sote watatu, hakuna aliyethubutu kuonja. Nimeogopa chumvi kuliko nilivyoogopa shimo.

Nikateka kata moja, nikampelekea Mwanasha kitandani. Ameonja. Mimi nimesimama mlangoni, sijui nishike wapi.

Akanywa yote, akanirudishia kata.

"Niongeze, Baba Salimu."