Mfuko Namba Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Februari
Mashimo kumi na nane leo. Mkono umekufa ganzi. Ni kazi ya kuchosha: kila mita hamsini chimba hadi goti, tupa udongo mweusi, chota mwekundu wa chini, tia kwenye mfuko, andika namba. Injinia wa kampuni anapima mahali kwa kasimu kake. Ati wanatafuta dhahabu. Mimi najua chai na ng'ombe tu.

Jumanne, 4 Februari
Nimeona ramani. Mstari wa Alhamisi unapita kwangu. Namba 47 inaangukia katikati ya chai, hatua sita kutoka kaburi la mume wangu Kiprono.

Nimemuuliza Injinia, udongo ukiwa mzuri inakuwaje? Kwanza mtaro. Halafu mashine ya kutoboa mwamba. Mwamba ukikubali, kampuni inaomba leseni ya mgodi. Na mwenye shamba? Analipwa, anahama. Amesema "anahama" hivi hivi tu, huku anakula ndizi. Nimemchukia.

Alhamisi, 6 Februari
Nimefanya.

Injinia alikuwa ng'ambo ya kilima na vibarua wengine. Sikuchimba. Nimeteremka kijitoni, nikachota mchanga pale ng'ombe wanapokunywa. Takataka ya maji, nani atapata kitu humo? Nikachanganya na udongo mwekundu kidogo, ufanane. Nikaandika 47. Ile saba ilipinda kwa haraka.

Nimedanganya na sijutii. Wacha waende wakachimbe kwingine.

Jumapili, 9 Februari
Sikusikia mahubiri hata neno. Mama mkwe ameniuliza mbona sili. Nimesema ni malaria. Akapanda kwake, akarudi na uji. Ni mbali kwa miguu yake, huko juu kijito kinakoanzia. Nimeunywa wote kwa aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu ya maabara yamekuja. Ramani imejaa madoa ya kijani. Moja tu jekundu, la dhahabu.

Arobaini na saba.

Injinia amenipigia makofi, ati Chelangat una bahati! Woi. Nilikalia ndoo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemuuliza Injinia kama mchezo, mchanga wa mtoni una faida gani? Akafurahi kufundisha. Kumbe huo ndio huchukuliwa kwanza! Maji yanaosha mlima, dhahabu ni nzito, inatulia chini. Ukiipata mtoni, unapanda kufuata maji hadi ilikotoka. Kijito chetu walikiruka kwa sababu ni kidogo, hakimo kwenye ramani.

Mjinga mimi! Ningechimba udongo wangu, pengine ungetoka kijani kama mwingine.

Na juu ni kwa mama mkwe. Nikisema ukweli watapanda kwake. Ana ng'ombe wawili na ile nyumba Kiprono alimjengea kabla ya kuugua. Nikinyamaza wanabaki kwangu. Nimewahi kuogopa hivi mara moja tu, hospitalini Kaplong, daktari alipotoka akaniita kando.

Jumatano, 12 Machi
Mtaro ni Jumatatu. Majani yamekomaa, sijachuma. Kila pikipiki ikipita nadhani wamejua. Wakichimba wakose, watauliza mfuko ulitoka wapi. Nani aliujaza? Mimi.

Nimefika kwenye lango la mama mkwe mara mbili nimwambie. Mara zote mbili nimegeuka.

Jumatatu, 17 Machi
Wamechimba. Miti thelathini ya chai imeondoka. Niliing'oa mwenyewe, sikutaka mikono ya wageni. Kaburi hawakuligusa.

Mama mkwe alileta kibuyu cha maziwa ya mursik, akawamiminia vijana wote. Kisha akaketi karibu na kaburi la mwanawe, akanishika mkono. "Pole mwanangu. Afadhali ingekuwa kwangu. Mimi nimeshazeeka."

Saa tisa hivi Injinia alitoka mtaroni, uso umekunjamana. Udongo wa humo haumpendezi. Akateremka kijitoni kunawa mikono. Alikawia. Nilimwona amechuchumaa, anachota mchanga, anauzungusha kwenye sahani yake ya kuoshea dhahabu, anauangalia sana.

Alipopanda hakuniangalia. Aliuliza tu, kijito hiki kinatoka wapi?

Mama mkwe alimjibu kabla sijafungua mdomo. Alinyoosha kidole juu kwake, akasema maji yake ni matamu, hayajawahi kukauka. Akamkaribisha chai kesho.