Fundo la Mzee Pole

Jumatatu, 4 Machi

Niliapa sitaandika tena humu mpaka nistaafu. Kiapo changu kama kawaida, hakina uzito.

Leo asubuhi wameniletea mwalimu mstaafu. Amenyongwa kwa waya, sebuleni kwake, mlango haujavunjwa. Nilipoiona ile shingo nikajifanya natafuta glavu. Shingo kama hizo nimeziona nyingi wakati ule wa Bwana Waya. Lakini Bwana Waya yuko gerezani! Mimi mwenyewe nilipanda kizimbani nikaeleza, hakimu akaelewa, akamfunga maisha. Aliua wanawake watano. Wa mwisho alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Yeye sikumpasua mimi, alipasuliwa na daktari mwenzangu. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, ndugu kama ndugu wengine.

Sasa hili. Kuna mtu anaiga. Waya si siri, magazeti yalieleza hadi unene wake.

Jambo moja silielewi. Mwalimu amefungwa vidole gumba, viwili pamoja, kwa utepe wa bandeji nyeupe. Bwana Waya hakuwa na mambo hayo.

Jumanne, 5 Machi

Mpelelezi amekuja na picha za zamani. Ni yuleyule wa kesi ya kwanza, kaongezeka kitambi na cheo. Akazipanga mezani kwangu bila kusema neno. Wale wanawake, wamelala kwenye chumba chetu cha baridi, nyuso juu. Chini kabisa, pembeni mwa picha — vidole gumba vimefungwa. Wote.

Akaniuliza mbona sikuandika. Nikamwambia sikuandika kwa sababu havikuwa vimefungwa. Kila mkono niliuandika, kucha kwa kucha. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto anayekana kula sukari huku midomo inang'aa.

Picha za kule walikookotwa hazisaidii. Wote walikutwa wamezongwa mablanketi, huoni mkono wala mguu.

Wakili wa Bwana Waya ameshaziona. Huyu mimi namwita Bwana Kwa Heshima, maana kila akitaka kukutukana huanza na "kwa heshima zote". Anasema alama ni ileile, muuaji ni yuleyule, yuko mtaani, na mteja wake amekaa ndani bure. Jumatano ya wiki ijayo anaiomba mahakama imtoe wakati rufaa inasubiriwa. Nimeitwa kutoa ushahidi. Kwa heshima zote, nilitamani kumpiga na beseni.

Mpelelezi kaniomba nisimwambie mtu habari ya vidole. Magazeti hayajui. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 6 Machi

Nesi wa chini yangu. Ghorofa ya chini yangu! Tulikuwa tunagombana kwa sababu ya maji yangu kumwagikia nguo zake. Waya, bandeji, mlango mzima.

Sikutaka kumpasua, nikampasua. Nani mwingine?

Nilipotoka nimemkuta mdogo wangu nje ya mochwari, gari linaunguruma, begi langu la nguo liko siti ya nyuma. Kashapanga kila kitu. Kasema, dada, hulali kule tena, hata ukasirike. Sikukasirika. Nimekaa siti ya mbele nikalia mpaka tumefika kwake.

Ijumaa, 8 Machi

Nyumba ya fundi wa kufuli bwana. Geti lina makomeo mawili, mlango una matatu, madirisha yana nondo na nondo zina kufuli. Tangu wifi afe ndivyo anavyoishi, na binti yake mmoja. Mtoto nimempa jina la Chiriku kwa kusema sana. Leo kaniuliza kama watu nikiwapasua wanacheka nikiwatekenya. Baba yake kacheka mpaka kajifuta macho. Sijamsikia akicheka hivyo miaka mingi.

Funguo zote anakaa nazo yeye. Nikitaka kutoka kwenda dukani namwita. Anakuja mbio, anafungua, anasimama getini mpaka nirudi. Wema wa aina hii unabana kifua, lakini ni wema.

Kazini mashine ya baridi imeharibika, tumehamia mochwari ya zamani kwa muda. Ule mlango wake mwembamba nilikuwa nimeusahau. Vijana wakasukuma kitanda, mkono wa marehemu ukateleza, ukagonga fremu, pwaa. Nikasema "pole" bila kufikiri.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Pole! Mhudumu wetu wa zamani, Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana. Kila maiti alimwambia pole, kama mtu aliyemkanyaga. Na yeye ndiye aliyewafunga vidole gumba, kwa bandeji, ili mikono isigongwe na mlango ule. Nikishamaliza kazi yangu nakwenda kunawa, yeye anawafunga, anawasukuma chumba cha baridi. Polisi wanakuja na kamera huko huko. Kabla ndugu hawajafika anawafungua. Jengo jipya lina mlango wa kupitisha lori, mtindo wake ukafa.

Nimecheka peke yangu kwenye korido kama mwendawazimu. Alama ya muuaji! Ni huruma ya mzee wa watu! Kila mara alizungusha mara mbili, ncha akaisokomeza chini ya utepe, kwa sababu ncha ikining'inia inanasa. Bandeji ya nesi ilisokomezwa vivyo hivyo.

Anayeua sasa aliziona maiti zetu. Kadhani Bwana Waya ndiye aliyefunga. Hajui kazi yetu. Kesho namwambia mpelelezi.

Jumamosi, 9 Machi

Sijamwambia.

Jana tukila, Chiriku kashalala juu ya kochi, nikamwambia mdogo wangu kuhusu Jumatano. Nilitaka ajiandae, kwamba wanataka kumtoa yule. Ndugu wa wale wengine wamepanga kuandamana mahakamani, mama mmoja amezimia alipoambiwa. Nilijua mdogo wangu atavunja sahani.

Akaendelea kutafuna. Kisha akasema, polepole, acha atoke. Nikadhani sijasikia vizuri. Akasema kule ndani ana askari wa kumlinda, ana daktari, anakula kwa saa. Nje hana mtu.

Nikaweka kijiko chini. Naye akaongea, nadhani aliona nimechoka tu. Akasema ni polisi tu wanaojua yule mtu alimfanya nini mkewe. Siku ile alifika mochwari mapema, mzee kaenda kunywa chai, akaingia mwenyewe. Akamkuta mkewe kafungwa vidole. "Alimfunga kama kuku, dada. Nilimfungua mwenyewe. Utepe ulikuwa umesokomezwa chini, nikahangaika nao."

Alikuwa anaonyesha kwa vidole vyake. Anazungusha, mara mbili, anasokomeza.

Nimejifungia chooni. Nimemwambia ni maharage.

Jumapili, 10 Machi

Naandika ili nione kama kuna mwanya.

Mzee Pole alikuwa akiwafungua kabla ndugu hawajaingia. Mmoja tu hakufunguliwa. Mmoja tu alionekana na mtu asiye wa kazi yetu.

Vijana wa mochwari ya sasa hawakuwepo. Mpelelezi na watu wake zile picha wamezitazama vizuri baada ya mwalimu kufa, si kabla.

Milango haikuvunjwa, na kufuli ndiyo kazi yake. Vitasa vya jengo letu lote nani kavifunga? Nilimtafutia kazi ile mimi, nikamsifia kwa mwenye nyumba.

Na anataka yule atoke. Ndiyo sababu yote. Anaua watu wasio na kosa lolote ili mahakama ifikiri ilikosea, mlango wa gereza ufunguliwe, amkute nje. Nimeiandika. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mama akiwa sokoni.

Hakuna mwanya.

Nikisema, ni mimi namnyonga. Nikinyamaza Jumatano, Bwana Waya anatoka, na mahakama ikisita je? Mdogo wangu atatafuta mwingine. Ana mpango, na mpango haujakamilika. Mwalimu alikuwa na wajukuu. Nesi alikuwa ana harusi Juni, kadi yake iko juu ya friji langu.

Mara mbili nimeishika simu, jina la mpelelezi liko mbele yangu. Mara mbili Chiriku kaja kukaa mapajani. Mara ya kwanza alitaka nimsuke. Mara ya pili hakutaka kitu.

Mama hana. Nimpokonye na baba?

Jumatatu, 11 Machi

Nimesema. Sikupanga, au nilipanga bila kujiambia.

Chiriku kashakwenda shule. Mdogo wangu alikuwa anaosha vikombe, kanipa mgongo. Nikamweleza habari za Mzee Pole, tangu mwanzo, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Mlango mwembamba. Bandeji. Chai. Nikasema, mke wako hakufungwa na yule mtu. Alifungwa na mzee aliyemwonea huruma.

Maji yakaendelea kumwagika. Kikombe kilekile anakiosha tu. Nikasubiri aniulize inahusu nini. Mtu asiyejua angeuliza. Habari ya vidole vya mwalimu na nesi haijatoka popote, kwa hiyo maneno yangu yangekuwa kisa tu cha zamani.

Akasema, "Kwa hiyo hawa wa sasa..." Akakomea hapo.

Nikasema, "Hawa wa sasa nini?"

Akafunga bomba. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akaniuliza kama mpelelezi anajua hilo la mzee. Nikamwambia hajui. Akauliza, nani mwingine anajua? Nikamwambia wote waliojua wamekufa, nimebaki mimi.

Mungu wangu, kwa nini nilimjibu!

Alikaa kwenye kiti kilichonielekea, goti kwa goti. Akasema, dada, Jumatano unakwenda kuulizwa kama alama zinafanana. Zinafanana. Huna haja ya kusema uongo. Sema ndiyo, ushuke.

Kisha akatoka kwenda kufunga geti, ingawa lilikuwa limefungwa.

Jumanne, 12 Machi

Hakwenda kazini. Mimi pia sikwenda, sijaambiwa nisiende, nimekuta tu gari lake limezuia njia na yeye yuko chini yake anatengeneza kitu kisichoharibika.

Simu yangu ninayo. Hajaigusa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Angenipokonya ningepata la kumchukia.

Ninamwogopa? Nimejiuliza kweli kweli, nikiwa nimefunga mlango wa chumba. Ninamwogopa kidogo. Ninaogopa zaidi akinipigia magoti.

Mchana alitukaangia mayai. Akayapanga kwenye sahani ya Chiriku macho mawili na mdomo. Mtoto akasema baba, huyu mbona ananuna? Akageuza mdomo ukatazama juu. Nikala. Yalikuwa matamu.

Kanipigia pasi gauni la mahakamani bila kuombwa.

Jumatano, 13 Machi

Naandika goti likiwa ndiyo meza. Korido ya mahakama, benchi refu, rangi ya ukuta imebanduka. Nje ndugu wa marehemu wanaimba. Bwana Kwa Heshima kanipita ananukia marashi, kaniinamia kichwa. Bwana Waya yuko mle ndani tayari, nimeuona upara wake mlango ulipofunguliwa. Amezeeka.

Mdogo wangu yuko kando yangu. Kavaa shati jeupe. Njiani aliniuliza tu kama kiyoyozi kinanipiga.

Nikipanda kizimbani nitaulizwa kama alama zinafanana. Nimejaribu kuisikia sauti yangu ikisema ndiyo, halafu kunyamaza. Naisikia vizuri kabisa. Ni sauti ya daktari anayejua kazi yake. Kisha namwona nesi anaanua nguo zake zilizolowa, ananitukana kuelekea juu, yu hai.

Nimeinuka sasa hivi. Nimekwenda hadi mwisho wa korido, alipo mpelelezi, nikamwambia sentensi moja tu. Nimemwomba akae pale benchi na mdogo wangu mpaka nitoke ndani, asiondoke hata akiitwa. Hakuuliza kwa nini. Ila amebadilika uso, na kamwita askari mwingine kwa kidole.

Amekuja, amekaa. Mdogo wangu kasogea kumpa nafasi, kama angempa mtu yeyote.

Nikamwambia, "Chiriku leo nitamfuata mimi shuleni."

Akamtazama mpelelezi, akamtazama yule askari aliyesimama ngazini, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atalia. Nilidhani atakimbia.

"Anatoka saa saba," kasema. "Usichelewe, dada. Akibaki peke yake getini huwa analia."

Karani anaita. Ni jina langu. Anaita tena