Nani Anaiogesha Hii Pikipiki?

Baba, Mama,

Chai iko kwenye chupa, gesi nimefunga. Nguo zikikauka ziingizeni. ~~Kaka akiuliza, semeni pikipiki imepona yenyewe.~~ Hapana, nimeukata huo uongo.

Asubuhi pikipiki ilipogoma tena kuwaka, nilimfokea Kaka mbele yenu: "Unaendesha kama unakimbizwa, utaiua!" Baba ukamnyang'anya ufunguo. Akaenda kwa miguu, siku yake ya kwanza kazini, chai hajaigusa.

Mlipotoka nilichukua ufunguo kwenye koti lako, Baba, nikamwita fundi. Alipochomoa kofia ya plagi, maji yakamchuruzikia mkononi. "Nani anaiogesha hii, binti?"

Mimi. Kila nikiwahi kurudi jioni naipiga mpira wa maji na sabuni, ili Kaka atoke nayo inang'aa. Kesho yake ndiyo inagoma. Nisipoiosha, inawaka. Fundi ameikausha, akapiga kiki mara moja tu, ikanguruma.

Nampelekea kazini kwake sasa hivi. Nitamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sauti kubwa ileile niliyomfokea nayo. Asipotaka hata kuniangalia, nitaiegesha, nimwachie ufunguo, niondoke. Msimwombe anisamehe haraka.

Binti yenu mwenye mdomo