Kamshafti ya Pasaka

Kadina, Australia Kusini
14 Juni

Kaka yangu Garth,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na Noeline na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mgodini kimekuachia. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, ila goti linamsumbua baridi ikizidi. Mvua zimeanza na shayiri imeota mpaka kando ya barabara. Jana Mama alioka pasti kumi na mbili za nyama na viazi kwa mazoea, kisha akakaa akizitazama, maana mezani tulikuwa wawili tu. Nane nikawapelekea majirani.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Tangu mazishi ya Baba nimekupigia mara nne. Kila ukipokea nauliza joto la Kalgoorlie, kisha nakata. Kwenye karatasi huenda nikafika mwisho.

Unakumbuka mwaka ule ulipoanza kazi mgodini ukaniachia lile gari la kijani, Holden, ulilolijenga na Baba tangu ukiwa na miaka kumi na saba. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefungua gereji yangu. Uliniomba niliwekee kamshafti yenye nguvu zaidi, ule mhimili unaofungua valvu za injini, ukija Pasaka ulikute tayari, na ukaniandikia kwa mkono wako kila kifaa cha kwenda nayo: tapeti mpya, springi ngumu za valvu, cheni ya taiming, kabureta kubwa. Chini ukapiga mstari mara mbili ukaandika kwamba nifunge vyote au nisiguse kitu.

Na watu wa mji huu unawajua. Pale klabu ya mpira walikuwa wakimtaja Baba kwa jina na kuambiana, "Mpelekee gari binti wa Clarrie, utarudi nyumbani kwa baiskeli." Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nilitaka gari lako lipite barabara kuu likinguruma mpaka wafunge vinywa vyao.

Kilichotokea baadaye unakijua jinsi ulivyoambiwa. Jumamosi moja kabla ya Pasaka Baba aliliendesha gari kuelekea Paskeville, mimi nikiwa pembeni yake. Injini ikapiga mlio mmoja kama nyundo juu ya bati, moshi ukajaa, mafuta yakamwagika kwenye lami yote. Pistoni ilitoboka na bloku la injini likapasuka. Siku hiyohiyo Baba akakupigia akasema ni yeye, alipiga resi kupita kiasi. Nilikuwa nimesimama karibu, nikakusikia ukifoka, "Mzee, umri wote huo bado unaendesha kama mtu aliyeiba gari!" Baba akajaribu kucheka. Ukamwambia kama hajutii basi asikupigie tena.

Ulikuja Pasaka hukufungua hata boneti. Ulilivuta gari kwenye trela ukamuuzia mtu wa Mildura. Miaka tisa ukawa unampigia Mama tu. Baba alikuwa akisikia simu inalia anatoka nje kumwagilia nyanya, hata kama mvua imenyesha, ili Mama asipate shida ya kuulizwa yupo au hayupo.

Halafu siku ya mazishi, kwenye chai ya kanisani, ulimwambia binamu Trelawney, nami nikipita na sinia la vikombe, "Mzee alijua kila kitu, ila kusema samahani hakujua." Nikaenda jikoni nikaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Garth, Baba hakuwa na samahani ya kukuomba. Injini yako niliiua mimi.

Sikununua kamshafti uliyoiandika. Nilinunua kubwa kuliko hiyo, kwa ajili ya ngurumo. Muuza spea wa Adelaide alinieleza kwamba hiyo inainua valvu juu mno, na springi za kawaida hazitaweza kuirudisha kwa wakati, injini ikienda mbio, hivyo itagonga pistoni. Springi zake zingechelewa wiki tatu, na Pasaka ilikuwa imebaki siku kumi na mbili. "Dada, zisubiri," alinisihi. "Usijidanganye." Nikamwambia nitasubiri. Siku iliyofuata nilifunga tapeti, cheni na kabureta, vyote vipya, kisha nikarudisha springi zilezile za zamani. Nilijiambia nitazibadilisha Pasaka ikipita na hakuna atakayejua.

Wala Baba hakupiga resi kwa kupenda kwake. Alikuwa akienda taratibu, anasikiliza tu, kofia kaivua kaiweka mapajani. Mimi ndiye niliyempigia kelele, "Kanyaga, Baba! Unaibembeleza ya nini?" Akakanyaga kwa sababu nilimwambia.

Pale kando ya barabara nilimweleza kuhusu springi huku nalia. Alifuta mafuta viatuni kwa nyasi. Kisha akasema, "Usukani ulikuwa mkononi mwangu. Yaishie hapo." Nikakataa. Akaniambia, "Mwanangu, Garth atanikasirikia wiki mbili. Hawa wa klabu watakusema wewe miaka ishirini, na gereji utaifunga." Nikakubali. Niliamini hizo wiki mbili, na nadhani hata yeye aliziamini. Zilipokuwa miezi nilimwambia nitakueleza, akasema tungoje hasira ishuke. Zilipokuwa miaka sikumwambia tena, kwa sababu gereji ilikuwa imesimama, wateja wananiita fundi, na nilikuwa nimezoea kulala. Huo ndio ukweli wenyewe, kaka. Niliona raha yangu ina thamani kuliko wewe na Baba kuketi meza moja.

Mama nimemwambia Jumapili. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama Baba alikuwa akijua kwamba sitasema kamwe. Jumatano nilikwenda klabuni nikasema mbele ya walewale. Mmoja alinivutia kiti, na hilo liliniumiza kuliko utani ule wa baiskeli.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nasikitika, na najua neno hilo ni dogo na limechelewa kumfikia anayelistahili. Ila jiwe la kaburi litawekwa Agosti, na fundi wa mawe anataka maneno. Mama aliniuliza tuandike nini. Nilimwambia maneno ya Baba utayaandika wewe, ukishajua.

Msalimie Noeline, na watoto wabusu kwa niaba ya bibi yao. Mama anakusalimu sana. Ameniambia nisiandike kwamba analia, basi sijaandika.

Ni mimi mdogo wako,
Merryn