Uso wa Wafula Mlangoni

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka Kariobangi, ambako kutwa nzima nyundo zinagonga bati. Uliniomba picha ya mwanao Wafula, maana hujamwona tangu tulipomzika Baba. Siku tatu nimempiga picha kwa simu yangu akiyeyusha vyuma vya kutengenezea sufuria, na kila mara uso wake ulitoka mweusi kama mkaa.

Leo jirani yake, Mama Shiro, ambaye hupiga picha nguo za mitumba na kuwatumia wateja, alinitazama kisha akauliza, "Kwani unapiga picha ya moto ama ya mtu?" Akafuta kamera ya simu yangu kwa leso yake, akamtoa Wafula mbele ya tanuru na kumgeuza aelekee mlangoni. Mimi akaniambia nisogee karibu, nisivute picha kwa vidole kwenye kioo cha simu. Sikujua mwanga wa mlango unaweza kufanya kazi kubwa hivyo.

Lakini Wafula alikakamaa kama askari kwenye gwaride. "Muongeleshe," Mama Shiro akaninong'oneza. Nikamuuliza Wafula kama anakumbuka Baba alivyokuwa akiwaita ng'ombe. Akaita kidogo, akatabasamu. Hapo nikabonyeza.

Nimeichapisha picha hiyo kwenye studio ya hapa mtaani, nayo ndiyo iliyo upande wa pili wa kadi hii. Tazama macho yake, Mama. Ni Baba mtupu, na miaka yote hii sikuwa nimeona.

Jifunike vizuri mvua ikinyesha.

Binti yako,
Nasimiyu