Nyumba Yenye Mwanga Haibomolewi

Kambove, 3 Septemba 2016

Deborah mwanangu,

Nakusalimu sana. Mimi niko mzima, goti tu ndilo linabishana nami. Wewe na karakana yako ya simu huko Lubumbashi, mtaa wa Kenya, mnaendeleaje? Hapa mtandao umekufa pamoja na umeme, ndiyo maana nimempa dereva Kasonde barua.

Tangu bei ya shaba ianguke hakuna anayetulinda. Kampuni mpya inataka kuchimba chini ya nyumba zetu, nayo imekata umeme ili tuchoke. Usiku watu wake wanapita. Nyumba ikiwa giza wanaichora msalaba mwekundu, eti imeachwa, na asubuhi katapila inaibomoa. Majirani wengi wamekimbilia Likasi. Mimi siendi. Baba yako amezikwa hapa, na mchimbaji hawezi kunifukuza kwenye kaburi la mchimbaji.

Mishumaa haifiki asubuhi. Nitengenezee taa ya kukesha, tena kali, iwaume macho.

Mama yako,
Agnès


Lubumbashi, 10 Septemba 2016

Mama mpenzi,

Goti hilo likande kwa maji ya moto, usilisikilize. Mimi sijambo, ila mji umechafuka: kazi zinafungwa, na faranga inayeyuka mkononi. Nilitaka kukuambia uhamie kwangu, lakini jibu lako nalijua.

Taa hii ya LED walikuwa wameitupa kwenye baa moja ya mtaa wa Karavia. Betri ya pikipiki ingechoka usiku wa manane, kwa hiyo nimekupa ya lori, na paneli ya jua ya kuijaza mchana. Kile kisanduku cheusi usikiondoe kamwe. LED ni mlafi: ikipata joto inavuta umeme zaidi, na inakula mpaka inajiua. Kisanduku ndicho kinaipimia chakula.

Joto lake linatokea mgongoni, kwenye ile aluminiamu yenye mbavu niliyoitoa kwenye kompyuta kubwa. Feni sikuweka, vumbi la Kambove lingeiua. Mgongo ubaki wazi upate hewa. Sura yake ni mbaya, najua.

Binti yako,
Deborah


Kambove, 21 Septemba 2016

Binti yangu,

Natumaini umeamka salama, maana nakuletea habari ya kukuudhi. Taa imekufa. Usinipigie kelele kabla sijamaliza.

Iliwaka vizuri, watu wa kampuni wakawa wanapita wamekinga macho. Kisha wamama wa parokia wakaja kusali rozari, na dude lako liko juu ya kabati limetoa mbavu kama mbuzi wa kiangazi. Deborah, kwangu redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata ndoo ya maji. Nikaifunika na kile cha kufuma, cha pinki. Hatujamaliza fumbo la tatu, ikanuka, ikazimika.

Asubuhi mlango wangu ulikuwa na msalaba mwekundu. Katapila ilinikuta kizingitini nikimega tonge la bukari kwenye sahani yangu. Nikamwambia dereva, “Kama unataka kuvunja nyumba, uanze na miye.” Akazima mashine, akaniomba maji. Nilimpa.

Sasa sikia. Nyumba ya Mutale, ya Marceline na nyingine za mstari wetu zimebaki tupu, na mishumaa ninayowasha humo imekaribia kuisha. Zikianguka, yangu itabaki peke yake katikati ya vifusi, na siku hiyo wataniondoa bila kubishana. Nataka taa katika kila moja. Funguo waliniachia mimi.

Mama yako,
Agnès


Lubumbashi, 27 Septemba 2016

Mama,

Sijambo, ila nimekukasirikia. Kitambaa, Mama. Nilicheka mbele ya wateja, kisha nikafika kwenye msalaba na nikaingia chumba cha nyuma nikalia.

Unachotaka ni uongo, na wakigundua watakufunga. Lakini wao wameandika kwamba nyumba yako ni tupu wakati wewe umelala ndani. Nani alianza?

Betri za lori za mstari mzima sina. Nikafikiri: taa kubwa ilikuwa ya kuwaumiza macho, hizi zionekane tu nyuma ya pazia. Basi nimefungua simu zilizokufa, nikachukua betri zilizo na uhai. Kila betri nimeiunganisha na LED moja ndogo, na kizuizi cha kuinyima umeme, ipate haba tu. Inayokula kidogo hivyo haichemki. Nimeiacha ikawaka usiku kucha, nikaigusa asubuhi, ni baridi. Hizi zifunike utakavyo. Mchana zikusanye uzichaji kwenye paneli.

Binti yako,
Deborah


Kambove, 5 Oktoba 2016

Deborah wangu,

Salamu, na goti limetulia. Mstari mzima unawaka.

Watu wa kampuni walisimama barabarani wakibishana. Mkubwa wao akagonga kwa Mutale. Nikatoka na kitenge changu.

“Nani eko humu?” akaniuliza.

“Ni bantu,” nikajibu, kama watu wamo ndani kweli.

“Sasa juu ya nini habafungule?”

“Weye, bantu habajulikane bakikugongea usiku, unafungulaka?”

Akasema, kama usiku hawafungui, basi watarudi Jumatatu mchana, na mlango usiofunguliwa watauchora. Mchana taa haidanganyi mtu. Lakini habari ilikuwa imewafikia majirani huko Likasi kwamba nyumba zao zina mwanga. Mutale amekuja mbio na panga, akidhani mwizi amehamia. Nikampa ufunguo wake. Aliketi kitandani pake, akaniuliza kama kuna chai. Marceline amerudi jana, na wengine wako njiani.

Inabaki nyumba ya mwisho, ile ya marehemu Alphonse, ambaye hakuacha mtoto. Nimejaribu kupanga nani afungue, lakini siwezi kufungua milango miwili.

Mama yako,
Agnès


Lubumbashi, 7 Oktoba 2016

Mama,

Sikuulizi hali, nitaiona mwenyewe. Kasonde anatangulia na barua hii kesho, na Jumapili ananibeba mimi, godoro na vifaa vyangu vya kulehemu. Karakana nimeifunga; simu zinaharibika Kambove pia.

Fagia kwa Alphonse. Jumatatu wakigonga, nitafungua mimi.

Binti yako, na jirani yako,
Deborah