Niliziba Dirisha la Wodi kwa Mkono Wangu

Mshauri wetu mpendwa wa redioni, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba, naomba msaada haraka, nakuandikia nikiwa hapa hospitalini. Mama mkwe wangu, Bibi Rahabu, amelazwa kwa mafua makali ya influenza, anapumua kwa shida, na anayemuuguza ni binti yangu Jesca mwenye mimba ya miezi saba, kwa kuwa mke wangu amevunjika mguu yuko nyumbani na plasta na dada zake wameolewa mbali, nami ni mkwe, na kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe wake, kwa hiyo nashinda mlangoni kama mbuzi wa mnadani, napitisha uji kwa Jesca.

Sasa upepo wetu wa Singida unaujua, nikaona utammaliza bibi, basi alipojifunika gubigubi nikanyata, nikafunga dirisha, nikaziba na nyufa kwa koti langu, nikamwambia Jesca asogee kitandani amkinge bibi yake baridi, na kweli nikajiona nina akili.

Jana akaingia nesi Anastasia.

"Baba, nani kafunga dirisha?"

"Mimi, nesi. Upepo."

"Jamani, baba! Virusi vya mafua haya vinaelea hewani. Mgonjwa akipumua tu, hata asipokohoa, vinatoka. Umemfungia mjamzito ndani navyo!"

 Nilidhani mafua ni kamasi na kushikana mikono tu!

Jesca hataki kutoka. "Nani atamlisha bibi, baba? Wewe?" Nikampigia kaka yangu Samweli, akafoka: "Umlishe mama mkwe wako? Kijijini Ihanja utarudi na sura gani?" Na leo asubuhi Jesca anasema mwili wote unamuuma. Nifanye nini?

Melkizedeki, Ihanja

*

Baba Jesca, pole, nami nimeshtuka kama wewe. Ujumbe wako nimeuruhusu uruke foleni, kwa hiyo unisikilize ukiwa umesimama.

Mwanao ana mimba, amekaa na mgonjwa wa influenza, mwili unamuuma, halafu unaiandikia redio? Daktari yuko hapo hapo mlipo! Mpeleke sasa hivi, mueleze yote, na dirisha lako usilifiche. Mafua haya humzidi mjamzito upesi, na dawa yake husaidia zaidi ikianza mapema. Wodini kwa bibi asirudi, hata akilia.

Dirisha lifunguliwe, bibi aongezewe blanketi. Koti lako kalifue.

Atakayemuuguza ni wewe. Muombe nesi barakoa, akuoneshe kuivaa, usiivue humo ndani. Kumwogesha waachie manesi. Lakini uji, ndugu yangu, mtu hulishwa akiwa amevaa nguo zake zote! Kama haya imekuzidi, tazama ukutani, ila kijiko kisikose mdomo. Kuku wa mama huyu uliwala vizuri tu ulipokuja kuposa.

Heshima ya mkwe naijua, wala siichezei. Ila anayekaa mlangoni huku mwanawe akivuta hewa ile kwa niaba yake, huyo namuita mwoga.

Ingia. Mwamkie. Sema, "Mama, ni mimi, Melkizedeki," kisha umwinue kichwa taratibu.